Barua ya wazi kwa mnaosimamia maji: Tuonyesheni maji ya mwisho wa bomba

Kwenu mawaziri wa maji na wa afya, wakurugenzi na wajumbe wa bodi za mamlaka za maji, wabunge mnaopitisha bajeti, mameya na madiwani, pamoja na wafadhili mnaoketi nao meza moja.

Waheshimiwa, salaam.

Ipo tarakimu mnayoipenda sana. Ni ile inayosema kwamba asilimia fulani ya wananchi wanapata maji safi na salama. Imo katika hotuba zenu, katika taarifa za mwaka na katika mabango ya uzinduzi wa miradi, na kila mwaka hupanda kidogo. Sina ugomvi na walioikokotoa. Ugomvi wangu ni kwamba tarakimu hiyo ni wastani, na hakuna mtu anayekunywa wastani. Kila mtu anakunywa kutoka kwenye bomba lake, kisima chake au dumu lake. Wanaougua ni wale wale mwaka hadi mwaka: wa mwisho wa bomba, wa kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka shimo la choo, wa kijiji ambacho mpimaji hakifikii kwa sababu gari halikupewa mafuta.

Ombi langu ni moja, na ninalitaja mapema ili lisipotee katikati ya maneno. Chapisheni matokeo ya vipimo vya maji mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, na sampuli zichukuliwe pale mtu anapokinga ndoo yake, wala si mlangoni mwa mtambo wa kusafishia maji. Kisha anzeni kutengeneza kule ambako matokeo ni mabaya kuliko kwingine kote. Mengine yote humu ni sababu zangu.

Nianze na kipimo chenyewe, kwa kuwa dunia nzima imewahi kujifariji nacho. Mwezi Machi 2012, UNICEF na Shirika la Afya Duniani (WHO) walitangaza kwamba lengo la milenia la maji ya kunywa lilikuwa limetimia kabla ya mwaka wake wa mwisho, 2015. Watu zaidi ya bilioni 2 walikuwa wamefikiwa tangu 1990, na waliosalia walihesabiwa kuwa milioni 783. Kazi kubwa ilifanyika na siidharau hata kidogo. Lakini kilichohesabiwa kilikuwa aina ya chanzo: bomba, kisima kilichofunikwa, chemchemi iliyojengewa. Maji yenyewe hayakuingia kwenye hesabu. Yalipokuja malengo mapya yenye masharti kwamba maji yapatikane pale mtu anapoishi, yawepo anapoyahitaji, na yasiwe na kinyesi wala kemikali hatari, hesabu ya mwaka 2015 ilitoka na watu bilioni 2.1 wasio na huduma hiyo. Hakuna mito iliyokauka kati ya taarifa hizo mbili. Watu wale wale walikuwa wakinywa maji yale yale. Safari hii tu ndipo walipoulizwa swali linalowahusu.

Hesabu ya 2024 bado inataja watu bilioni 2.1, yaani mmoja kati ya kila wanne duniani, wakiwamo milioni 106 wanaochota moja kwa moja mitoni, maziwani na madimbwini. WHO inakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 1.7 wanakunywa kutoka kwenye vyanzo vyenye kinyesi.

Kinyesi kikishaingia kwenye maji ya kunywa huja na kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini ya aina A na E. Kipindupindu ndicho kinachotangazwa, maana kinaua kwa saa chache na kinaziaibisha serikali. Mwaka 2023 nchi 45 ziliripoti wagonjwa zaidi ya 535,000 na vifo zaidi ya 4,000, na hawa walikufa kwa ugonjwa ambao mgonjwa akiwahi kurudishiwa maji na chumvi mwilini, uwezekano wake wa kufa hushuka chini ya asilimia 1. Homa ya ini ya aina E haipigiwi mbiu namna hiyo. Hata hivyo, mjamzito akiipata katika miezi mitatu ya mwisho, hatari ya kufa inaweza kufika asilimia 20 hadi 25.

Kinachoniuma zaidi ni kile kisichotangazwa kabisa. Mtoto anahara, anapona, anahara tena, na inakwenda hivyo mpaka anatimiza miaka miwili. Baina ya kuhara kumoja na kwingine utumbo wake haupati muda wa kupona. Zile nyuzinyuzi ndogo za ndani ya utumbo zinazofyonza chakula husinyaa, ukuta wa utumbo unaanza kupitisha vijidudu, na mwili unatumia chakula kupigana badala ya kukitumia kukua. Mama analisha na mtoto haongezeki. Kliniki inaandika utapiamlo, mama anapewa somo la lishe kana kwamba kosa limo jikoni mwake, kisha anarudi nyumbani kwenye maji yale yale. Mtoto huyo hatatokea kwenye takwimu za mlipuko wowote. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.4 vilitokana na maji yasiyo salama pamoja na ukosefu wa vyoo na wa mahali pa kunawa mikono, na watoto 395,000 wa chini ya miaka mitano walikuwamo. Walioishi wakadumaa, wakaanza shule wakiwa wamechelewa kimwili na kiakili, hawamo kwenye idadi hiyo.

Upo pia uchafu usio na rangi wala harufu. Kuanzia miaka ya 1970 watu wa Bangladesh walihimizwa, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, waache maji ya madimbwi na wachimbe visima vya bomba ili watoto wasife kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na maji yalitoka meupe, ya baridi. Aseniki, sumu ya asili inayotoka ardhini, haikupimwa. Ilipogunduliwa mwaka 1993, mamilioni walikuwa wameshainywa kwa miaka mingi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalitaja watu kati ya milioni 35 na 77 waliokuwa hatarini. Aseniki huja polepole: madoa kwenye ngozi, viganja na nyayo kukakamaa, halafu saratani za ngozi, kibofu na mapafu. Mamilioni ya visima yalipimwa baadaye, vibaya vikapakwa rangi nyekundu na vizuri kijani, jambo ambalo naliheshimu, kwa kuwa mtu asiyejua kusoma aliweza kulisoma tokeo la kisima chake. Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba visima virefu vya serikali, ambavyo vingewapa watu maji yasiyo na aseniki, vilikuwa vikielekezwa na baadhi ya wanasiasa na viongozi wa maeneo kwa wafuasi na jamaa zao. Ramani ya sumu ilikuwepo, ila visima vilichimbwa kwa kufuata ramani ya kura.

Sitakaa sana kwenye kemikali nyingine. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho WHO inashauri kisivukwe, hudhuru meno ya watoto, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Naitreti kutoka kwenye mbolea na vyoo humkosesha mtoto mchanga oksijeni katika damu. Risasi, ile metali iliyomo kwenye mabomba ya zamani, haina kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara; huharibu ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi.

Hapa ndipo ninaposhangazwa na ushauri wenu wa kila msimu: chemsheni maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, na familia isiyo na njia nyingine ichemshe. Lakini hakuondoi risasi, aseniki, floraidi wala naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hiyo inabaki nyingi zaidi kwa kila lita. Na moto una gharama. Nyumba yenye kipato kikubwa inachemsha bila kufikiri, au inanunua maji ya chupa. Nyumba isiyo nacho inachagua kati ya kuni za kupikia na kuni za maji, na anayezitafuta kwa kawaida ni yule yule aliyekwenda kuchota. Kwa mujibu wa WHO na UNICEF, katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji, kazi ya kuchota iko mabegani mwa wanawake na wasichana. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani au mgongoni. Kuwaambia watu hao wachemshe, bila kuwaambia maji yao yana nini, ni kuwahamishia wenye kipato kidogo kazi ambayo wengine hufanyiwa na mtambo.

Naomba sasa mvumilie mfano mmoja mrefu. Nimeuchagua kwa sababu ulitokea katika nchi tajiri, yenye maabara, sheria na wataalamu, kwa hiyo hakuna kisingizio cha umaskini wa taifa.

Tarehe 25 Aprili 2014 jiji la Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, liliacha kununua maji ya Ziwa Huron yaliyopitia Detroit, likaanza kutumia maji ya Mto Flint ili kupunguza gharama. Lilikuwa na wakazi wapatao 100,000, wengi wao Weusi, na takriban wanne kati ya kila kumi waliishi katika umaskini. Liliongozwa na meneja wa dharura aliyeteuliwa na serikali ya jimbo, hivyo waliochaguliwa na wakazi hawakuwa na kauli ya mwisho. Maji ya mto ule yalikuwa yanakula chuma, na dawa ya kuzuia kutu haikutiwa. Risasi ikaanza kubanduka kwenye mabomba ya zamani na kuingia bilaurini. Watu walilalamika mapema: rangi, harufu, vipele. Walijibiwa kwamba maji ni salama. Agosti na Septemba mwaka huo waliambiwa wachemshe kwa sababu ya bakteria, huku risasi ikiwamo. Oktoba 2014 kiwanda cha injini cha General Motors kiligundua kwamba maji yale yanaozesha vipuri, kikaacha kuyatumia na kupata maji mengine. Jiji lilirudishiwa maji ya Detroit Oktoba 2015. Vipuri vya injini viliokolewa mwaka mzima kabla ya watoto.

Angalieni jinsi hesabu ilivyotumika. Kabla ya kuchukua sampuli za risasi, wakazi waliagizwa wafungulie bomba usiku uliotangulia maji yamwagike, jambo linalopunguza risasi itakayoonekana asubuhi. Sheria ilidai hatua zichukuliwe endapo nyumba zaidi ya moja kati ya kila kumi zilizopimwa zingevuka mikrogramu 15 kwa lita. Mwaka 2015 sampuli mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye orodha. Zikiwamo, jiji lingevuka mpaka huo. Zilipotolewa, lilionekana liko kwenye 11. Mojawapo ilitoka nyumbani kwa mama aliyekuwa akipiga kelele kuhusu watoto wake.

Kisha daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akachukua kumbukumbu za vipimo vya damu. Kwa jiji zima, watoto wenye risasi nyingi kwenye damu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Katika vitongoji vilivyokuwa na maji mabaya zaidi, waliongezeka kutoka asilimia 4.0 hadi 10.6. Maofisa wa jimbo walimpinga mwanzoni. Mojawapo ya kasoro za hesabu yao ilikuwa kutazama takwimu kwa misimbo ya posta, ambayo ilijumuisha pia nyumba za nje ya jiji zilizokuwa zikinywa maji tofauti kabisa. Watoto wazima wa kule waliwafunika wagonjwa wa huku. Mwaka 2017 Tume ya Haki za Kiraia ya Michigan ilihitimisha kwamba ubaguzi wa rangi uliojengeka kwenye mifumo kwa miongo mingi ulichangia maafa yale. Nami naongeza kwamba ubaguzi huo ulipata msaidizi mtiifu katika jedwali lililochorwa vibaya.

Kwa hiyo ninapoomba matokeo ya mtaa kwa mtaa, siombi urembo wa takwimu.

Wapo kati yenu wanaoamini kwamba huduma bora zikianza kwa wachache zitawafikia wote kwa wakati wake. Historia ya London ina jibu la uchungu kwa imani hiyo. Kipindupindu kiliua maelfu huko mwaka 1832, kisha 1849, kisha 1854, na katika mlipuko huo wa tatu daktari John Snow alionyesha kwamba kilisafiri kwenye maji. Vifo hivyo havikutosha kuliharakisha bunge. Kilicholiharakisha ni kiangazi cha 1858, Mto Thames uliojaa majitaka ulipotoa uvundo hadi ndani ya kumbi za wabunge, mapazia yakalazimika kulowekwa kwenye dawa. Sheria ilipita kwa siku 18. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila pua ya mwenye shibe hufanya kazi vizuri sana. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mfereji mkuu wa majitaka ambao unasifiwa hadi leo, na anastahili sifa hizo. Lakini mwaka 1866 kipindupindu kilirudi, kikatua East End, upande wa maskini, ambako mfumo mpya ulikuwa haujakamilika na ambako kampuni ya maji ilikuwa imewapelekea wateja maji yasiyochujwa. Walikufa watu zaidi ya 5,500. Sehemu nyingine za jiji lile lile ziliguswa kidogo. Foleni ya kusubiri mradi ilikuwa na watu mbele na watu nyuma, na kifo kiliwakuta wa nyuma.

Nchini Canada, mkoa wa Ontario una kisa kinachofanana na hicho. Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, mvua ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kisimani. Klorini haikutosha, na kumbukumbu za vipimo zilikuwa zikighushiwa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Jaji Dennis O'Connor aliongoza uchunguzi wa kina, na mwaka 2002 mkoa ulipitisha sheria mpya ya maji ya kunywa. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Lakini ndani ya mkoa huo huo, jamii ya wenyeji wa asili ya Neskantaga ilipewa agizo la kuchemsha maji mwaka 1995, na miaka 30 baadaye agizo lilikuwa halijaondolewa. Maji ya miji yako chini ya mkoa, maji ya jamii za asili yako chini ya serikali ya shirikisho. Mgonjwa hajui mipaka hiyo, lakini ninyi mnaijua vizuri, na mara nyingi ndiyo mnayojifichia: hilo ni la wizara, hilo ni la halmashauri, hilo ni la mkandarasi.

Sasa niseme juu ya mabomba, maana mara nyingi mnasema maji yetu yanapotoka mtamboni yamekidhi viwango. Naamini. Shida huanzia hapo. Mji unapotoa maji kwa mgao, mabomba hukaa matupu kwa saa au siku kadhaa. Msukumo ukishuka, kila ufa unageuka mdomo wa kuvuta: maji machafu yaliyotuama kuzunguka bomba, na majitaka kutoka chemba iliyopasuka jirani, yanaingia ndani. Maji yakirudi, mkupuo wa kwanza unabeba uchafu huo hadi kwenye ndoo. Ile klorini iliyotiwa mtamboni imeshapungua njiani, na ingepaswa kubaki walau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Mtaa ulio karibu na tenki kuu hupata maji yenye msukumo na klorini. Mtaa wa mwisho hupata mabaki ya vyote viwili, na kwa sababu hauna hakika ya kesho, unahifadhi maji kwenye vyombo ambako mikono na vikombe hurudisha vijidudu. Na mara nyingi mtaa huo wa mwisho ndio usiotambuliwa rasmi, ambao mnasema hauwezi kuvutiwa bomba kwa kuwa wakazi hawana hati za ardhi. Kipindupindu hakiombi hati.

Watu hao hao ndio wanaolipa zaidi. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba wakazi wa mitaa duni mara nyingi hulipa mara 5 hadi 10 zaidi kwa lita kuliko wenye nafasi katika mji wao wenyewe, kwa sababu wananunua kwa wachuuzi, dumu kwa dumu. Kwa hiyo msituambie kwamba hawawezi kulipia huduma. Wanailipia tayari, isipokuwa fedha haziingii kwenye mfuko wa kutengeneza mabomba.

Sitaki pia tudanganyane kwa tiba za bei rahisi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 na 2019 ya majaribio makubwa ya Bangladesh, Kenya na Zimbabwe yalionyesha kwamba kuzipa familia klorini, vyoo vya kawaida na vifaa vya kunawia mikono hakukuwafanya watoto wakue zaidi kwa urefu, na kuhara kulipungua Bangladesh tu. Klorini inaokoa maisha, hasa wakati wa mlipuko, na asiyekuwa na kingine aitumie. Lakini kichupa cha dawa mikononi mwa mama hakiwezi kufanya kazi ya bomba lenye msukumo wa kudumu, mfumo wa majitaka na mpimaji anayelipwa mshahara wake. Mnaposhangilia ugawaji wa vidonge vya kusafisha maji mwaka wa kumi mfululizo mahali pale pale, mnashangilia kutofika kwa bomba.

Najua hoja ya gharama. Jiji la Hamburg, Ujerumani, lilibishana kwa miaka mingi juu ya nani alipie mtambo wa kuchuja maji ya Mto Elbe. Jirani yake Altona ilichota maji ya mto huo huo chini zaidi, pakiwa pachafu zaidi, lakini iliyapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kilipofika mwaka 1892 kiliua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, na Altona ikapata wagonjwa wachache zaidi kwa mbali. Mwaka uliofuata mtambo ulikuwa umeshaanza kazi.

Na najua hoja ya taharuki: kwamba tukichapisha matokeo mabaya watu wataogopa. Wataogopa, ndiyo, na wana haki. Hofu yenye taarifa humfanya mtu abadili kisima, achemshe pale kuchemsha kunaposaidia, amkimbize mtoto hospitali saa ya kwanza badala ya ya kumi. Mnachokiita utulivu ni mama kumpa mtoto maji bila kujua, huku faili lenye jibu likiwa ofisini. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu, na sioni jinsi mtu anavyoweza kudai haki asiyoruhusiwa kuona kama anaipata.

Kupima mpaka pembezoni kunawezekana. Mnyoo wa Guinea, unaoingia mwilini kwa maji ya kunywa, ulikuwa ukiwapata watu wanaokadiriwa kuwa milioni 3.5 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2024 waliopatikana nao duniani kote walikuwa 15. Hakuna chanjo, hakuna dawa ya kuuponya. Kilichofanya kazi ni wahudumu wa vijiji waliotafuta mgonjwa mmoja mmoja, vitambaa vya kuchujia, na maji kulindwa, mara nyingi mahali pasipo na barabara. Klorini inapimwa kwa dakika chache kwa kulinganisha rangi. Vipo vipimo vya E. coli, bakteria inayoashiria kinyesi kwenye maji, vinavyotoa jibu ndani ya siku moja au mbili bila maabara kubwa, na kiwango chenyewe ni rahisi kukumbuka: isionekane hata moja katika mililita 100.

Basi pimeni mwisho wa bomba, kwenye madumu ya wachuuzi na kwenye visima vya mitaa isiyo na hati. Anayepima asiwe chini ya yule anayeuza maji, na sampuli isifutwe bila sababu kuandikwa hadharani. E. coli ikionekana, watu wa mtaa huo waarifiwe siku hiyo hiyo kwa lugha wanayoizungumza, na walalamikaji wapewe namba ya malalamiko na jibu, maana pua na macho ya watumiaji hutangulia maabara. Bajeti ya matengenezo ipangwe kwa kufuata orodha hiyo kuanzia chini. Mbunge au diwani anayetaka mradi uhamie kwake aulizwe hadharani mtaa wake uko wapi kwenye orodha.

Jedwali la kwanza halitakuwa zuri, na litakuwa na mapengo mengi. Naomba mapengo hayo msiyajaze kwa makadirio wala kuyaficha ndani ya wastani wa wilaya. Mtaa ambao haujawahi kupimwa utajwe kwa jina lake, na mbele yake iandikwe hivyo: haujapimwa. Tutajua pa kuanzia.

Wasalaam,
Mwananchi